Shukrani Kabla ya Mipaka

Dar es Salaam, Jumamosi 14 Desemba 2024

Orodha ya michango ya Krismasi imetumwa tena leo kwenye kundi la ukoo. Safari hii waliolipa wamewekewa alama, wasiolipa wameachwa wazi ili kila mtu awaone. Ng'ombe wa kuchangia na kina baba wadogo, mbuzi wa ndafu, ulezi wa mbege, soda za watoto, vitenge vya sare. Kaka wa Mwanza hajalipa. Saa tatu usiku Kaka Mkubwa akaandika mbele ya watu wote: "Wengine mnakuja kula tu." Haikupita muda, Kaka wa Mwanza akatoka kwenye kundi.

Nimempigia. Biashara imeyumba tangu Juni na ana mtoto chuoni. Hakutaka kuyaandika hayo wapwa zake wakiyasoma, na nani angetaka? Nimemwomba binti wa baba mdogo, mtunza hazina wetu, aifute orodha na kila mtu amwandikie faragha. Amekubali bila kubisha. Mtu akifika kwetu Kilema, Kilimanjaro, amekwisha kuaibishwa, hakuna nyama itakayompita kooni.

Na siasa nazo zimeingia. Tangu Alhamisi Tundu Lissu alipotangaza kugombea uenyekiti wa CHADEMA, vijana wa kwetu wamegawanyika, na wazee wanaomwona Mwenyekiti Mbowe wa Machame kama mtoto wa nyumbani wamenuna. Nimeandika maneno machache tu: ya siasa tuyaache hapa hapa, tusiyapandishe mlimani. Wawili wameitikia.

Njiani, Ijumaa 20 Desemba

Kituo cha Mbezi alfajiri: magodoro, televisheni kwenye maboksi, watoto waliolala mabegani. Tumepita Segera, tukala Korogwe, na sasa tuko Same, milima ya Upare iko kulia kwetu na vumbi limeingia hadi kwenye daftari.

Abiria wa kiti cha nyuma, kijana wa Mbeya anayekwenda kumwona mchumba wake Rombo, ameniuliza kwa nini Wachaga lazima turudi kila Desemba. Nimemjibu kwamba makaburi yetu yako kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba. Baba yangu amelala hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na baba yake yuko kando yake. Lakini jibu kamili ni refu zaidi. Kahawa ndiyo iliyotusomesha. Babu alikuwa akipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, chama kinapeleka KNCU, chama kikuu kilichoanza mwaka 1933, na fedha ya kahawa ikawa ada. Watoto waliosoma wakaondoka, kwa kuwa kihamba kilikuwa kimekwisha kugawanywa mara nyingi mno. Wameondoka, lakini kila mmoja ana haki yake kwenye kile kipande kidogo cha migomba. Kwa hiyo Krismasi tunakutana tunaopendana na tunaodaiana, watu ni wale wale, meza ni ile ile. Kijana ameguna, akasema kwao Tukuyu hali haiko mbali na hiyo.

Kilema, Jumapili 22 Desemba

Jumapili ya nne ya Majilio. Mama hakuweza kwenda kanisani, magoti yamevimba. Nimebaki naye, na kwa kubaki nimeona asubuhi ya nyumba hii inavyokwenda.

Wifi yangu, mke wa Mdogo wetu wa mwisho, ameamka saa kumi na moja. Amekama, amewasha moto, amechemsha maji ya Mama ya kuoga. Amemwinua, amemkalisha kwenye kigoda, amemwogesha mgongo huku akimsimulia habari za jirani hadi Mama akacheka. Amempa dawa za presha kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, zile za asubuhi upande mmoja, za jioni upande mwingine. Kisha akashuka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe, maana huku juu majani yamekwisha, akapanda na mzigo kichwani mlima ambao mimi naupanda mikono mitupu na bado napumzika. Aliporudi akaanza kupika ndizi za wageni, ambao ndio sisi.

Nimemuuliza mara ya mwisho alikula Krismasi kwao Rombo lini. Amefikiri kidogo. "Kabla ya kuolewa, wifi." Mtoto wake wa kwanza anaingia kidato cha pili. Kutoka hapa hadi kwao hata nusu siku haifiki kwa gari.

Sisi huwa tunasema tunakwenda nyumbani. Nyumbani kuna mtu anayetungoja, na huyo mtu naye ana kwao. Mwaka huu sitaki tena kusikia lile neno la "tunawashukuru wote waliofanikisha sikukuu hii." Shukrani ya wote haina mwenyewe, kila mtu anadhani ni ya jirani yake. Nimekaa na Mama na Shangazi jioni, nimewaambia ninavyoona. Shangazi amesema, "Basi mwenye kushukuru awe Mama yenu, si ninyi watoto. Ninyi mkisema, watasema mmepangana." Mama amenyamaza kwa muda, akasema kwamba ana mengi ya kusema, ila hakuna aliyewahi kumwomba.

Jumanne 24 Desemba

Mbege imekubali. Kazi hii Wifi aliianza tukiwa bado Dar: ndizi mbivu zikachemshwa, zikaachwa zichachuke siku kadhaa, ulezi ukaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Jana akachemsha gamba la msesewe kwa ajili ya ule uchungu wake, akapika uji wa ulezi, leo akachanganya. Baba Mdogo ameonja kata ya kwanza, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. Hicho ndicho cheti.

Kaka Mkubwa amefika saa kumi jioni. Kabla hajaingia ndani kumwamkia Mama alizunguka nyuma ya nyumba, akaviona visiki viwili vya miti ya mbao iliyokatwa mwezi wa tano. Akauliza kwa sauti, mizigo bado iko kwenye gari: "Hii miti ya Baba nani kaiuza?" Mdogo wetu alikuwa amesimama na kisu, anakwenda kuchinja. Akasema, "Mimi." Kaka akasema, "Kwa ruhusa ya nani?" Na neno moja zaidi akalisema, mbele ya mke na watoto wa mwenzake, ambalo sitaliandika.

Miti iliuzwa kwa ajili ya Mama. Ninajua, kwa sababu nilipigiwa simu na kaka wa Mwanza alipigiwa. Kaka Mkubwa simu yake ilikuwa haipatikani siku hizo mbili, alikuwa China kununua mzigo. Yote hayo yangeweza kusemwa pale pale, na yangesemwa kwa kelele, na usiku wa Krismasi ungekwisha pale kwenye visiki.

Baba Mdogo alifanya jambo ambalo nataka nilikumbuke. Hakumkemea yeyote. Alimwambia Mdogo wetu, "Nenda kwenye mbuzi, jua linazama." Akamwambia Kaka Mkubwa, "Wewe nichukue na gari lako twende kwa fundi wa maspika, bila wewe hatatupa." Mmoja akaenda juu, mwingine akashuka chini. Waliporudi, akawaita wote wawili mbele ya wazee, akasema: habari ya ardhi na miti ina siku yake, Jumamosi tarehe 28, asubuhi, kabla ya mtu yeyote kushika kata. Mwenye kuisema kabla ya hapo atatoa mbuzi.

Nimeona watu wakilaumu ukimya wa wazee, wanasema wanafukia mambo. Ukimya wa leo haukufukia kitu. Umetaja jambo, umelipa tarehe na saa na wasikilizaji. Mtu aliyepewa siku ya kusikilizwa anaweza kusubiri.

Jumatano 25 Desemba, usiku

Misa ilikuwa imejaa hadi nje, magari yenye vumbi la Segera yamepangwa barabara nzima. Asubuhi kulikuwa na mwanga safi. Kibo na Mawenzi vyote viwili vilionekana kabla wingu halijapanda.

Baada ya Misa tulisali kwenye kaburi la Baba. Kisha chakula. Kisusio kilitangulia kwa wanaume, halafu machalari, kiburu kwa wasiokula nyama, ndafu ikaletwa na majani mdomoni, watoto wakapiga kelele. Nyama ya kwetu kila kipande kina mwenyewe, na anayegawa lazima awe mtu mwenye kumbukumbu, kwa sababu aliyerukwa hawezi kusahau. Halilii nyama, analilia kutambuliwa. Kaka wa Mwanza, ambaye hakuwa amelipa mchango, alipewa sehemu yake kwa wakati wake, kwa jina lake, mbele ya wote. Nilimwona anaipokea kwa mikono miwili.

Halafu Baba Mdogo akasema Mama ana neno.

Tulimsogezea kiti. Mama si msemaji, miaka yote Baba ndiye alisema. Akaanza kwa Mungu, kama ilivyo desturi, kisha akamwita mkwe wake atoke jikoni. Wifi akaja anafuta mikono kwenye kanga, anadhani kuna kitu kimepungua mezani.

Mama akasema: "Mwezi wa tano, usiku, mvua ya masika, kifua kilinibana. Bodaboda zilikataa kupanda kwa sababu ya tope. Huyu alinibeba mgongoni kutoka hapa hadi barabara ya lami. Mume wake alitangulia na tochi kutafuta gari. Alianguka mara moja, akaangukia magoti ili mimi nisiguse chini. Kovu analo, mwangalieni. Hospitali walitaka fedha asubuhi ile ile. Mwanangu akauza miti. Mimi nilimwambia auze. Baba yenu aliipanda kwa ajili ya shida, na shida ilikuwa ni mimi." Akatulia kupata pumzi. "Mnaniletea vitenge, nashukuru. Mnaniletea blanketi, nashukuru. Lakini anayenifunika hilo blanketi ni huyu. Aika, asante, mwanangu. Aika sana."

Hakuna aliyesema kitu. Wifi alikuwa ameinama, machozi yanadondoka kwenye kanga. Shangazi akapiga kigelegele, akina mama wakafuata, wakamzunguka, wakamtunza. Mmoja alimpokea sahani mkononi, akamketisha kwenye kiti cha mbele. Jioni nzima hakuruhusiwa kurudi jikoni; vyombo tuliosha sisi wageni, na wajukuu wa kiume wakiwemo.

Nilikuwa nimemkazia macho Kaka Mkubwa. Aliangalia chini. Baadaye nilimkuta amesimama peke yake kwenye visiki.

Alhamisi 26 Desemba

Lissu na Mbowe wametufikia. Mbowe ametangaza Jumamosi iliyopita kwamba anatetea kiti, na leo, mbege ikiwa imechangamka, binamu wawili walisimama wakanyoosheana vidole. Shangazi aliwauliza ni nani kati yao atakayembeba akiugua usiku, Lissu au Mbowe. Wakakaa. Mchana ulibaki wa bao na usingizi.

Jumamosi 28 Desemba

Kikao kimeanza saa tatu asubuhi chini ya mparachichi, kwa chai na magimbi. Baba Mdogo, Shangazi, jirani mmoja mzee aliyeijua mipaka tangu enzi za Babu, Mama kwenye kiti chake, sisi watoto wote, wa kiume na wa kike.

Baba Mdogo alitangulia na utaratibu wake: kila mtu, kabla ya kusema anachodai, aseme kwanza alichopewa na ndugu yake aliyeketi mbele yake. Nilidhani itakuwa maneno ya juu juu. Mdogo wetu aliposimama, alimgeukia Kaka Mkubwa, akasema: "Baba alipofariki nilikuwa kidato cha kwanza. Ada yangu yote hadi kidato cha nne ulilipa wewe, na ulikuwa unauza maji ya chupa Ubungo. Sijawahi kukwambia asante. Nakwambia leo."

Kaka Mkubwa, mtu mzima mwenye duka Kariakoo, alishindwa kujibu. Baadaye alisema kwa shida kwamba kwa miaka yote aliona anaitwa tajiri na anaombwa fedha, na hakuna aliyekumbuka fedha ya kwanza ilivyopatikana. Hapo nikaelewa visiki. Aliona kwamba mali ya Baba inaamuliwa bila yeye, yeye aliyekuwa baba wa nyumba hii akiwa kijana mdogo. Alikuwa na kidonda, na kidonda hicho kilikuwa cha haki. Sisi sote tulimnyima asante ile ile tuliyomnyima Wifi.

Ndipo mipaka ikaweza kuzungumzwa.

Desturi inasema mtoto wa kwanza na wa mwisho ndio wenye nguvu kwenye kihamba, wa kati watafute kwingine. Kaka wa Mwanza aliilalamikia, na sisi dada wawili tulikaa kimya kwa sababu desturi hiyo haikututaja kabisa. Mpwa wetu anayesoma sheria aliomba ruhusa, akaeleza kwa adabu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inaitambua mila, lakini mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata ardhi ni batili. Akataja na shauri la Mwanza la mwaka 1990, pale Jaji Mwalusanya aliposema mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba ana haki ya kuliuza sawa na mwanaume. Jirani mzee akauliza kama huyo mwanamke alishinda kweli. Alishinda. Mzee akasema, "Basi na hawa waandikwe."

Yaliyoafikiwa: Mama ni mwenye kihamba chote maadamu yu hai, hakuna wa kukata wala kupima kabla yake. Nyumba ya wazazi ni ya Mdogo wetu. Sehemu ya juu ni ya Kaka Mkubwa, aliyekwisha kujenga. Kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji, patabaki kipande cha binti yeyote wa nyumba hii atakayerudi, kwa sababu yoyote itakayomrudisha. Miti haiuzwi bila simu kwa ndugu wote, isipokuwa ni kwa matibabu ya Mama, na hapo simu inaweza kufuata. Sehemu ya Kaka wa Mwanza haikuafikiwa. Anaona amepewa mteremko mtupu, na nikienda kuutazama naona ana hoja. Imesogezwa hadi Pasaka. Aliondoka kwenye kikao amekunja uso, lakini aliondoka akiwa amepeana mikono na wote.

Mwisho Baba Mdogo alimwambia Kaka Mkubwa kuna neno alilolisema tarehe 24 mbele ya watoto. Kaka hakubisha. Alikwenda kwenye mpaka, akachuma sale, jani la kuomba msamaha, akamkabidhi Baba Mdogo, Baba Mdogo akampelekea Mdogo wetu. Kwetu jani hilo likishakufikia huna ruhusa ya kulikataa, hata kama kosa lilikuwa la damu. Mmea huo huo tunaupanda mipakani, na tunaupanda makaburini. Mdogo wetu alilipokea, akaliweka mfukoni mwa shati, watoto wake wakiangalia. Nilifurahi kwamba watoto waliosikia tusi ndio walioona na jani.

Jumapili 29 Desemba

Sikukuu ya Familia Takatifu. Leo majimboni kote umefunguliwa mwaka wa Jubilei, baada ya Baba Mtakatifu Fransisko kufungua Mlango Mtakatifu Roma usiku wa Krismasi. Padre amekumbusha kwamba katika kitabu cha Walawi, mwaka wa Jubilei ardhi ilirudi kwa jamaa yake na watu walirudi kwa ndugu zao. Somo la Wakolosai, sura ya tatu, limesomwa. Paulo ameweka amani na shukrani katika mstari mmoja, hakuzitenganisha. Kaka Mkubwa alikuwa amekaa benchi moja na Mdogo wetu. Wifi hakuwepo. Alipelekwa jana jioni kwao Rombo na gari la Kaka Mkubwa, pamoja na watoto, mguu wa ng'ombe na debe la mbege aliyoipika mwenyewe. Atarudi baada ya Mwaka Mpya.

Dawa za Mama nazigawa mimi. Nimechanganya upande wa asubuhi na wa jioni, Mama akanionyesha kwa kidole.

Jumatano 1 Januari 2025

Kesho tunaondoka. Nimewaandikia ndugu wote, kila mmoja faragha, na ninaliandika hapa pia kwa ajili ya binti zangu watakaolisoma daftari hili: msimshukuru anayebaki nyumbani kwa maneno peke yake, chukueni zamu yake.

Zamu zimepangwa na kila mmoja ameweka sahihi kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni, juu ya kopo la dawa. Februari ni mimi, kwenye likizo yangu ya kazini. Aprili, wakati wa Pasaka, ni Kaka Mkubwa na mke wake. Agosti ni dada yetu wa Tanga. Desemba ijayo Wifi atakula Krismasi Rombo, na nyumba ya Kilema itapokelewa na Kaka wa Mwanza.